Sanduku la Kura

Juzi nilipiga kura kwa mara ya kwanza, nikacheka peke yangu kwenye foleni. Nilikumbuka alasiri moja Shianda, hewa ikinukia miwa iliyochomwa, watoto tumeinamia fumbo la picha alilolichora mwenzetu Nekesa mchangani: mtu anakula, kando yake sanduku.

Tulikuwa tumeshampa miji ya Mumias na Butere kwa kushindwa mafumbo mengine.

"Sasa nipeni Kakamega!" alitamba.

Kakamega hapana. Nilikuwa mwenye haya, lakini nilijikaza. "Huyo anakura. Hilo ni sanduku la kura."

"Ai! Kumbe huyu ana mdomo!" Nekesa alipiga kelele. "Amepata!"

Wenzangu walinibeba juujuu. Sikumwambia mtu kwamba nilimaanisha sanduku la kula, la kuwekea ugali, ila ulimi wangu ulitamka "kura".