Tarakimu Shingoni mwa Ng'ombe

Shemsa, fundi kompyuta wa mtaa wa Ng'ambo, si msemaji. Watu humletea mashine na maradhi yake, naye hujibu kwa kutikisa kichwa. Lakini siku aliyoingia Mwalimu Mbarouk na kompyuta yake ndogo kaifunga kwenye kanga, Shemsa aliuliza maswali matatu kwa mkupuo.

Kompyuta ilikuwa imejisasisha, na ilipowaka tena ikagoma kufunguka mpaka ipewe ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka kumi na mmoja: maneno ya lahaja ya Kitumbatu aliyoyakusanya Mwalimu, ayatie kitabuni, kwa wazee ambao nusu yao wameshatangulia mbele ya haki. Nakala ya akiba ipo? Ipo, alisema Mwalimu, humo humo ndani ya kompyuta. Shemsa akafumba macho kidogo. Akachomeka flashi yake ya kurejesha mfumo. Nayo ikadai ufunguo ule ule.

Hapo Mwalimu akakumbuka. Siku ya kuinunua alizinakili namba hizo kwenye karatasi, kwa tarakimu za Kiarabu kama alivyozoea chuo cha Kurani, akaitia ndani ya msahafu. Wakaenda kwake Kidichi na kompyuta yenyewe. Karatasi haimo.

"Ile yenye safu za namba?" aliuliza mkewe, Bi Kazija. "Nshaishona zamani. N'lijua hirizi. Kavaa ng'ombe."

Ng'ombe alikatika maziwa kwa kijicho cha watu, na tangu avishwe anatoa lita tatu. Mwalimu akalalamika kwamba kitabu chake kizima kimo shingoni mwa mnyama.

"Basi kakisome huko huko bandani," alijibu Bi Kazija.

Shemsa akaahidi kuifumua hirizi na kuishona upya kabla ng'ombe hajamaliza majani yake. Bi Kazija akakubali, akasimama na sindano mkononi.

Jasho la ng'ombe lilikuwa limeingia mpaka kwenye karatasi. Tarakimu zilipangwa makundi manane ya sita sita; makundi sita yalisomeka vizuri. Katika mawili, tarakimu mojamoja ilikuwa imefutika kabisa. Kubahatisha ni mara mia, na betri imebaki asilimia tisa. Ndipo Shemsa alipokumbuka: kila kundi la ufunguo huu sharti ligawanyike kwa kumi na moja. Akachutama, akaandika mchangani kwa kijiti. Akajaribu mbili penye pengo: 502184, inabaki moja. 503184, haibaki kitu.

"Ni tatu, Mwalimu. Lazima iwe tatu."

La pili halikumchukua hata dakika. Akabonyeza namba zote. Kioo kikafanya weusi, kikawaka, na orodha ya Mwalimu ikatokea, neno la kwanza mpaka la mwisho. Mwalimu akalisoma la kwanza kwa sauti, kwa lafudhi ya mama yake.

Shemsa akanakili kazi yote kwenye diski mbili, moja abaki nayo mwenyewe, na ufunguo akauandika kwenye karatasi safi. Bi Kazija, akimfunga ng'ombe hirizi yake, akaitupia jicho karatasi ile.

"Mwanangu, niandikie na mie moja. Yupo na mtamba bandani, hajavaa hirizi."

Shemsa akamwandikia bila kusita. Nakala ikizidi haiharibu kitu.