Tromboni ya Kanisa na Santuri ya Mjomba

Harufu ya majivu na ndimu bado hunirudisha uani kwetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, ambako kila Jumamosi baba aliisugua tromboni mpaka ikang'aa. Haikuwa yake. Ilikuwa mali ya kanisa letu la Kilutheri, na wazee wangeweza kuichukua siku yoyote wakiona mpigaji ameanza kupotoka. Dansi za mjini ndizo zilizohesabiwa kupotoka. Baba alilima kahawa na ndizi kama wenzake, mtu mkimya, lakini aliposhika tromboni hata mama alimwangalia upya.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala mjomba aliporudi kutoka Nairobi na mashine ya santuri ya betri, pamoja na santuri moja ya jazi, akamwachia baba. Jaladani alikuwapo Mmarekani mweusi, macho kayafumba, tromboni mdomoni. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kuona tromboni nje ya kanisa. Aliitazama picha ile akaamua kwamba huyo yuko katika sala, akaenda kuwatangazia wazee kwamba mwanawe ana nyimbo za Wakristo wa Amerika. Jumapili, baada ya ibada, wakaja kusikiliza, kofia mkononi. Baba alinywea. Angemwumbuaje mama yake mbele ya watu?

Alichagua wimbo wa taratibu. Tromboni ikaanza peke yake, nzito, kama mtu anayemweleza Mungu shida zake. Wazee wakainamisha vichwa. Niliomba betri ife, lakini haikufa. Kabla baba hajainua sindano, wimbo wa pili ukaingia na ngoma zake, mbio mbio. Bibi akashika tama.

"Acha kwanza," alisema Mzee Yeremia, kiongozi wa matarumbeta. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hii ni dansi."

"Ndiyo, mzee."

"Huyu anapumua wapi? Sijamsikia."

"Hata mimi namtafuta, mzee."

"Basi mtafute. Ukimpata, wafundishe wenzako. Ila Jumapili utapiga nyimbo zetu."

Mama alicheka kwa nguvu hadi akaona haya, kisha akaleta loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Tulikula kwa raha, kama watu waliofiwa kisha wakaambiwa marehemu mzima.

Siku hizi kanisani kwetu kuna magitaa na kinanda cha umeme, na hakuna anayeuliza vimetoka wapi. Nafurahi, mtoto asiogope wimbo. Lakini alfajiri ya Pasaka, makaburini, bado ni matarumbeta, na vijana hupiga mstari mzima kwa pumzi moja, kama baba alivyowafundisha waliowafundisha wao. Wanaamini ndivyo Walutheri walivyopiga tangu zamani, nami siwasahihishi.