Rudi ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilijua kuhesabu hadi mia kwa Kifaransa bila kukwama, na mwalimu alipenda kunisimamisha mbele ya wenzangu niwaonyeshe. Siku moja nilitakiwa kuhesabu hadi tatu tu, kwa Kiswahili cha nyumbani, nikaishia moja.

Kwetu Nyamianda mgeni akisema anakwenda, hamumuagi mkiwa mmekaa. Mtu anainuka, anampokea kikapu, anatoka naye. Hilo linajulikana mji mzima wa Uvira. Ila nyumbani kwetu alitawala Koko, mama yake baba, na Koko alikuwa na sheria ya ziada. Mgeni atakuambia "rudi" mara tatu, alisema, na wewe usigeuke mpaka umesikia ya tatu.

"Rudi ya kwanza ni ya mudomo tu," alitufundisha huku akichambua mboga. "Unaisikia, unacheka, unaendelea kutembea. Ya pili, muntu anaanza kufunguka. Ya tatu ndiyo ya kweli."

Na aliyemwacha mgeni kwenye rudi ya kwanza? Hapo Koko alishusha sauti. Njia ya kuja kwenu inamfungia. Ataitafuta tena asiipate, hata kama anaijua kama kiganja chake. Dawa ipo, lakini ni ya haraka: kesho yake asubuhi mtu wa nyumba ile aende kwa mgeni na chumvi kidogo, akae, anywe maji, kisha mgeni naye amsindikize. Hapo njia inafunguka. Mimi na kaka yangu Amani tuliyaamini hayo yote bila kuuliza.

Tantine Feza, mdogo wake mama, alikuja siku ambayo mdogo wetu mchanga hakuwa amemaliza wiki tangu azaliwe. Alitoka Runingu, kule bondeni, na kikapu cha unga wa muhogo kichwani. Alikuwa mjane, na watoto wake wawili aliwaacha kwa jirani. Nilimpenda kwa sababu aliniita "mama" kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa, na kwa sababu alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku hiyo hakucheka sana. Alikaa chumbani kwa mama tangu asubuhi, akampakata mtoto, akamsifu pua, akamsifu vidole. Koko alikaa nao, akifukuza nzi kwa kipande cha kitenge. Mara mbili nilimwona Tantine amefungua mdomo, akamtazama mtoto, akaufunga. Sikuona ajabu. Hata mimi nilijua kwamba mbele ya mtoto ambaye kitovu hakijaanguka hakuna kusema mambo mazito, ya ugonjwa, ya vita, ya kuomba. Mtoto akiyasikia anayabeba maisha yote. Kwa hiyo walizungumza habari za mvua na kwaya ya kanisa.

Mchana tulimpa bukari, ugali wa kwetu, na mukeke mzima wa ziwani, samaki ambaye Koko alimkaanga mwenyewe kwa heshima ya mgeni. Tantine alikula mkia, akasogeza kando sehemu iliyobaki, kichwa na tumbo lenye mafuta.

"Hiyo ni ya Riziki," alisema, yaani mimi.

Kwetu mgeni kuacha kitu kwenye sahani ni adabu, watoto wapate. Lakini kuacha samaki karibu mzima? Leo najua kwamba hakuwa amekuja kula. Siku ile niliona bahati yangu tu, na niliona pia macho ya Amani juu ya sahani.

Baba alikuwa safarini mjini Baraka. Mama, kwa sababu ya kitovu kile kile, hakuruhusiwa kuvuka mlango wa lupango, ua wa nyumba yetu. Koko magoti yalikuwa yamemkataa. Basi Tantine aliposimama, Koko alinigeukia mimi.

"Riziki, inuka. Sindikiza tantine yako. Na uhesabu."

Nilibeba kikapu kitupu. Tulipita kwa fundi cherehani, tukapita kibanda cha kuchajia simu, tukafika bombani, nusu ya njia ya kwenda barabara kubwa wanakosimama watu wa moto, wenye pikipiki za abiria. Tantine alitembea polepole sana. Mimi nilikuwa namvuta kwa hatua zangu, kichwani nikimwona Amani anavunja kichwa cha samaki.

Bombani alisimama.

"Rudi sasa, mama. Jua iko kali."

Nikampa kikapu. "Asante, tantine. Usalimie watoto."

Nikageuka. Nilipofika kwa fundi cherehani niliangalia nyuma. Alikuwa bado amesimama pale pale, kikapu mkononi, ananitazama mimi badala ya kutazama barabara. Nilidhani anapumzika. Nikakimbia.

Samaki nilimkuta. Nilikula nikiwa nimechuchumaa karibu na jiko, na alikuwa mtamu, kusema kweli, sijasahau. Mafuta yalikuwa bado yananitiririka mkononi Koko aliponiita.

"Alikuambia rudi mara ngapi?"

"Mara tatu, Koko."

"Mbona umerudi mbio hivi?"

"Alipata moto haraka."

"Kama ni moja, useme tu. Sitakupiga. Kesho nitatuma muntu na chumvi, yataisha."

Alinifungulia mlango, Koko wangu, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Lakini nilikuwa mtoto wa kusimamishwa mbele ya darasa, mtoto asiyekosea. Nikasema tena, "Tatu." Chumvi ikabaki kwenye kopo lake.

Haukupita mwezi. Kitovu kilikuwa kimeanguka, mama ameanza kwenda sokoni, tukasikia kwamba risasi zimelia upande wa bonde na watu wanakimbia. Walikuja Uvira kwa mamia, na magodoro, na mbuzi. Mama alisimama barabarani siku tatu akiangalia nyuso. Siku ya nne alikuja nyumbani jirani yake Tantine, yule aliyekuwa akimwachia watoto. Alikaa chini kabla ya kukaribishwa, na Koko akaelewa kabla hajasema.

Wengi walikimbilia mtoni ili wavuke kwenda Burundi, alisema. Ruzizi ilikuwa imejaa. Tantine Feza aliingia na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na maji yaliwachukua wote watatu. Yeye jirani aliona kwa macho yake.

Mama alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha yule mwanamke akaongeza, nadhani alitaka kuupunguza mzigo wake mwenyewe:

"Lakini Feza alitoka kuja hapa, mama. Alisema anaenda kuomba kwa dada yake hata ku jikoni, alale na watoto, sababu kule hakukuwa tena usalama. Aliporudi tukamuuliza. Akasema, 'Kulikuwa mutoto muchanga, sikuweza kusema. Nilifikiri nitasema mu njia.'"

Mama aliacha kulia. Alinigeukia, na Koko naye akanigeukia.

"Si ulimufikisha ku rudi ya tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mu njia hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo lililoharibu kila kitu. Niliona uso wa mama ukibadilika. Mdogo wake alipewa njia nzima, na mtu wa kumtuma, na akanyamaza. Kwa hiyo Feza alimwona dada yake kama mtu wa kumnyima hata sakafu ya jikoni.

"Feza na majivuno yake," alisema. Alisema hivyo siku ile, na akaendelea kusema hivyo maisha yake yote. Wadogo zangu, ambao hawakumjua Tantine, wanalijua jina lake kama jina la ubishi. Mtoto akikataa kuomba daftari kwa mwenzake, anaambiwa asiwe kama Feza. Na mimi nilikaa mezani hapo hapo nikisikia, nikiomba chumvi, nikila.

Nilijaribu kusema. Nilipokuwa msichana mkubwa nilianza, "Mama, siku ile ya tantine..." Akanikata: "Usinikumbushe yule." Nikakumbuka kwamba nina haraka ya kwenda mahali fulani. Koko alikufa akiamini kwamba nyumba yake haikukosa adabu.

Je, naamini kwamba njia hufungwa? Niliwahi kujidai siamini, nilipokuwa nasoma. Sasa nafikiri Koko alijua kitu asichoweza kukieleza kwa watoto, akakivisha hofu ili tukishike. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa kwenye kiti chenu. Anahitaji kutembea, kutazama mbele, kujua kwamba akikataliwa ataendelea tu na safari yake. Umbali wa kutoka bombani hadi barabara kubwa ulitosha kabisa. Nimeupima kwa miguu yangu mara nyingi, hauzidi dakika tano.

Siku hizi nasindikiza kila mtu mpaka anaudhika. Wageni wananiambia rudi mara nne, mara tano, wanacheka, wengine wameshamwita mtu wa moto kwa simu anawasubiri mlangoni na injini inanguruma. Hakuna anayesema kitu. Wanapanda, wanapunga mkono. Na wengi kati ya hao nimewasindikiza vizuri kabisa, kwa hesabu kamili, na vita vimewapeleka wasikorudi. Sina pa kupeleka chumvi.

Mama alianguka kitandani msimu wa mvua uliopita. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, imevimba, baridi. Alikuwa na akili timamu.

"Riziki, nikimukuta Feza, neno la kwanza nitamuuliza ni hilo. Njia yote ile. Juu ya nini hakusema?"

Mwenye jibu alikuwa amemshika miguu. Chumbani hakukuwa na mtoto mchanga wala mgeni, wala Koko. Tulikuwa wawili tu, na alikuwa ameniuliza kwa upole ule ule aliokuwa nao Koko siku ya samaki.

"Umuulize, mama," nikasema.

Alikufa siku ya tatu. Kaburini mchungaji alipomaliza alituambia tunaweza kurudi nyumbani. Alisema mara moja tu, na nilikuwa wa kwanza kugeuka.