Siku Tatu za Kimya cha Shangazi Nyangi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Susuni, kosa kubwa kanisani halikuwa kusinzia. Kosa kubwa lilikuwa kujibu haraka. Wenzangu mliolelewa kwenye kanisa la Marafiki, wale Wazungu waliowaita Quaker, mnajua ninachosema, na kama mmesahau, basi ninyi hasa ndio ninaowaandikia. Nina hasira. Nina hasira tangu wiki iliyopita na sitaki mtu aniambie nipoe. Nitapoa nikimaliza.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, na bati lake lilikuwa limepigwa na mvua ya mawe mpaka likatoboka huku na huku. Asubuhi jua lilipita kwenye vile vitobo likaweka madoa sakafuni, nasi watoto tuligombania kukalia doa la jua maana baridi ya Tarime mnaijua wenyewe. Mabenchi hayakuwa na egemeo. Kengele ilikuwa rimu la lori lililofungwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, na ukiligonga lilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nguo zetu za Jumapili zilinuka moshi, na ndani mlinuka vumbi lililonyunyiziwa maji, maana sisi wasichana tulifagia tangu kukipambazuka.

Watoto wa makanisa mengine walitucheka vibaya. Kwetu hakukuwa na maji ya ubatizo, hakukuwa na mkate wala divai. "Sasa nyie huwa mnaenda kufanya nini?" walituuliza. Kweli tuliimba, na Mkurya akiimba bati lenyewe linajua kuna mtu. Mahubiri pia yalikuwepo. Lakini katikati ya ibada kulikuwa na kimya, na kimya kile hakikuwa na saa. Aliyeguswa alisimama, akasema mara moja, akakaa. Asipoguswa mtu, tulikaa hivyo hivyo mpaka mzee wa benchi la mbele ampe jirani yake mkono. Mkono ule ndio uliokifunga kimya. Kabla haujatolewa hakuna aliyetoka, hata kama mbuzi wako kwenye mahindi yako na unawaona dirishani.

Tulivyoteseka jamani! Tumbo la mtu lilinguruma, la mwingine likajibu, na cheko likakupanda mpaka machozi yakakutoka. Hapo ndipo Shangazi Nyangi alipokugeukia. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na yeye ndiye aliyetufundisha watoto. Hakupiga wala hakufinya. Alikutazama tu, na baada ya ibada akakuuliza, "Mdomo wako una haraka ya kwenda wapi?" Mpaka leo nikiwa jikoni nikitaka kumkaripia mtu, nalisikia swali hilo. Wiki iliyopita sikulisikia, na ndilo linaloniuma.

Nilipokuwa na miaka tisa, kaka zangu walikuwa shule na mimi nikaachiwa ndama. Nikakuta wenzangu wanacheza mdako, nikakaa "kidogo tu". Mnakijua kile kidogo. Niliponyanyua kichwa ndama mmoja hayupo. Nilimwogopa baba kuliko Mungu, basi nikakimbia nyumbani nikasema nimemwona Mwita, mtoto wa ng'ambo ya mto, akimswaga ndama wetu kwenda kwao.

Sikujua nimesema nini. Ng'ambo ya mto ni ukoo mwingine, na kati yao na sisi mambo ya ng'ombe yalikuwa yameshamwaga damu kabla sijazaliwa. Jioni hiyo hiyo wanaume walishajaa uani kwetu na marungu. Mama alizima moto wa ugali, hakuna aliyetaka kula. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, na uongo wangu ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko mimi.

Shangazi alikuja akasimama katikati ya ua. Akawaambia wale wanaume, "Kesho rimu litalia. Anayetaka kupigana aje kwanza akae. Akishakaa, kama bado anataka, nitamfungulia mlango mwenyewe." Kisha akavuka mto peke yake kwenda kuwaambia wa upande wa pili maneno hayo hayo. Alikula kwao, akarudi.

Asubuhi wakaja wote. Marungu yaliachwa nje yameegemezwa ukutani, yetu kushoto, yao kulia. Sisi tulikaa benchi za upande huu, wao za upande ule, na Mwita akawa ananitazama uso kwa uso. Hakuna aliyeongea. Shangazi alikuwa ametoa sharti moja tu: mtu asisimame kabla hajapoa. Madoa ya jua yalitambaa kutoka ukutani mpaka kwenye miguu yangu, yakanipita. Nilimwona baba akikunja ngumi na kukunjua, akikunja na kukunjua, mpaka ikafika mahali hakukunja tena. Hakuna aliyeniuliza kitu wala kunihimiza. Watu wazima zaidi ya hamsini, wenye mashamba na mifugo, walikaa pale wakasubiri na hawakujua wanamsubiri nani. Kumbe walikuwa wananisubiri mimi.

Mwishowe nikasimama. Nikasema, "Nilidanganya. Nilikuwa nacheza." Nikakaa.

Babu yake Mwita akanyoosha mkono, akampa baba yangu, na watu wakatoka. Ndama alikutwa kwenye shamba letu wenyewe la viazi, ameshiba, hana habari. Fimbo nilikuja kuila nyumbani, na niliistahili. Lakini hakuna aliyekufa pale kwetu kwa sababu yangu. Sijawahi kumshukuru shangazi kwa maneno.

Sasa njooni kwenye zama hizi zenu za bando.

Mimi ni mpishi kwenye kambi ya watalii huku Robanda, mwaka wa kumi na mbili sasa. Susuni ni mbali, basi nikaingizwa kwenye grupu la wasap la kanisa ili nisipitwe. Na kweli sipitwi. Alfajiri kuna neno la siku lenye picha ya maua. Mchana mtu anaandika "andika Amina kama umeguswa", na watu mia wameguswa kabla hata hawajasoma. Ibada inarushwa mubashara, na kimya chetu kimebaki dakika moja, tena wameweka kinanda chini yake ili watazamaji wasikimbie! Vijana wa siku hizi wakikaa nusu dakika bila sauti wanadhani mtandao umekata. Kuomba wanaomba kwa vidole: emoji ya mikono miwili ya njano iliyoshikana, basi, ibada imekwisha.

Ningecheka tu kama kawaida yangu. Lakini mwezi uliopita ng'ombe watatu wa kwetu waliibiwa, nyayo zikaelekea ng'ambo ya mto, na Jumanne ya wiki iliyopita mtu akatupa video kwenye grupu. Sekunde kumi na moja. Shangazi Nyangi, mzee sasa, anatembea na mkongojo, amekaa kwenye ua wa watu wa ng'ambo, ameshika kibuyu cha uji, anacheka na mwenye mji. Chini yake imeandikwa: "Ng'ombe wetu wameibiwa, mama yetu wa amani anakunywa uji na wezi."

Mura we! Grupu liliwaka kama nyasi za Agosti. "Atujibu." "Tunataka majibu." "Kumbe ndiyo maana." Marwa, karani wa kanisa na ndiye admini, kijana ambaye shangazi alimfundisha kuimba akiwa bado na kamasi, akaandika: "Shangazi ameshasoma, tiki ni za bluu. Ana saa ishirini na nne."

Saa ishirini na nne! Kwa Marafiki!

Mimi nilikuwa nakata vitunguu, wageni ishirini wanasubiri chakula, simu inatetemeka kwenye meza kila nikishika kisu. Nikanawa vidole nikaandika na mimi: "Shangazi jibu basi, unatuaibisha." Nikarudi kwenye vitunguu. Watu wanane walikipenda nilichoandika, na nitawaambia ukweli, nilifurahi.

Hakujibu. Jumatano jioni Marwa akaandika, "Kimya chake kimejibu," na chini yake yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: Marwa amemwondoa Shangazi Nyangi. Mikono ya njano ikamiminika. Ndipo nikashtuka. Kimya chake kimejibu? Sisi ambao hatukuwa na maji wala mkate wala divai, ambao kitu pekee tulichokuwa nacho duniani ni kile kimya, leo mtu akinyamaza ni mwizi?

Nikaomba ruhusa kambini. Ijumaa mchana nikafika Susuni, nikamkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, simu yake ndogo iko mapajani imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Mjukuu wangu ndiye hunisomea na leo yuko shule, mimi herufi hizo sizioni. Washa hiki kitu, unishikie pale pa kusemea. Sasa niko tayari."

"Tayari kwa nini, shangazi?"

"Kuwajibu. Walisema maneno mazito Jumanne. Nilikasirika, mwanangu, hata kula nilishindwa. Nikajiambia nisisimame kabla sijapoa. Leo alfajiri nimeamka nimepoa. Washa."

Kisha akanieleza alichotaka kusema, kwa utaratibu, kama mtu anayeanua nguo kutoka kwenye kamba. Alikuwa amevuka mto mara tano peke yake. Wale watu walikuwa wamekubali: Jumamosi waje kanisani, tukae pamoja, na ng'ombe watatu warudi. Hakutangaza kwa sababu jambo la namna hiyo likitangazwa kabla ya siku yake linaharibika. Na uji alikunywa kwa sababu nyumba isiyokulisha haiwezi kukuambia ukweli. Hata zamani alikula kwao, mimi si nakumbuka?

Nilishika ile simu nikaiwasha. Pale pa kusemea hapakuwepo. Palikuwa na mstari mmoja tu unaosema huwezi kutuma ujumbe kwenye kundi hili kwa sababu wewe si mwanachama tena.

"Shangazi, wamekutoa."

"Wamenitoa wapi?"

"Kwenye grupu. Tangu juzi. Walisema umekaa kimya."

Alinitazama kama sijaongea Kiswahili. "Sasa walitaka nikae vipi?"

Akatazama barabarani, akanigeukia tena. "Na wewe ulisemaje?"

Ningeweza kudanganya. Nina uzoefu. Nikafungua simu yangu nikamsomea, kwa sauti, maneno yangu manne: Shangazi jibu basi, unatuaibisha. Mkurya mzima na mvi zangu, nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alifunga simu yake kwenye leso, taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Nilikuwa nimeshapoa," akasema. "Sasa itabidi nianze upya."

Jumamosi tuligonga rimu. Mimi ndiye niliyeligonga. Tulikaa kanisani yeye na mimi na wazee wanne, benchi za upande ule zikawa tupu. Mchana ukaja ujumbe kutoka ng'ambo: mliyemfukuza ndiye tuliyemwamini, hatuji. Ng'ombe hawajarudi. Leo vijana wa pande zote mbili wanatembea na mapanga, na kila mmoja ana simu mfukoni na bando la kutosha.

Niliandika kwenye grupu yote niliyowaandikia mpaka hapa, neno kwa neno. Nikapata vidole gumba sita. Marwa akajibu, "Asante dada kwa ufafanuzi, tusonge mbele." Dakika tatu baadaye likatumwa neno la jioni, na maua. Tusonge mbele wapi, Marwa? Nenda kagonge mlango wa yule mama, upige magoti, halafu usonge popote unapotaka!

Na msidhani namgombeza Marwa ili nijifiche nyuma yake. Enzi zetu kijiji kizima kiliacha kazi kikamsubiri mtoto mwongo wa miaka tisa mpaka alipokuwa tayari kusema. Mimi mtoto yule yule, shangazi yangu alipohitaji siku tatu, sikuweza kumpa hata muda wa kumaliza vitunguu.

Jumapili nilimuaga. Alikuwa kwenye kile kigoda, macho yako mtoni. Nikainama nikanyoosha mkono.

"Safari njema, mwanangu," akasema, kwa upole wake ule ule.

Mikono yake aliiacha mapajani, juu ya leso. Sikumlaumu. Namjua, na najua desturi yetu: mkono ndio unaofunga kimya, na chake hakijafika mwisho. Nimerudi Robanda, nimemaliza kuandika na hasira haijaisha. Kila asubuhi nampigia mjukuu wake kuuliza habari za bibi. Ananiambia bado amekaa.