Wa Kuambiwa kwa Mdomo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi moja ya serikali, na chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi kuliko kipupwe chochote nilichopata kukiona kwetu Bagamoyo. Mkuu wa Kitengo, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, alizitazama soksi zangu zilizotoboka, akasema, "Mbaraka, vumbi la miguu yako linaweza kufuta mishahara ya mkoa mzima. Ingia kama unavyoingia msikitini." Nikaingia. Nyinyi vijana mnaotembea na kompyuta kwenye mfuko wa suruali hamuwezi kuielewa heshima ile, na wala siwaombi muielewe.

Kazi yetu ilikuwa kuandika programu, yaani maelekezo ambayo mashine huyafuata mstari kwa mstari bila kuuliza. Tuliyahifadhi kwenye diski laini, bapa na nyepesi, ambayo ukiikunja tu umeua kazi ya wiki nzima. Mkuu wa Kitengo hakumruhusu mtu kugusa mashine kabla hajaiandika programu yake kwa penseli na kuisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Tulimwona mnoko. "Soma," alikuwa akisema. "Kama huwezi kulisema, hujalielewa." Alikufa kabla sijapata nafasi ya kumshukuru.

Baadaye nilihamia kampuni binafsi iliyoandika programu za maduka. Huko aliyenisimamia alikuwa Meneja wa Huduma, ambaye hakupata kuandika hata mstari mmoja maishani mwake, lakini kuahidi alikujua. "Mwambie mteja Ijumaa," alikuwa akiniagiza. Ijumaa ipi, hakusema. Walipopunguza wafanyakazi nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo, nikarudi Bagamoyo na sanduku la nguo na kompyuta kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mke wangu, Bi Tatu, akanisafishia chumba cha uani, na humo nimefanya kazi peke yangu, bila bosi, mpaka nilipoiacha.

Watu huniuliza nilitumia vifaa gani. Vilikuwa vichache. Kwanza kihariri, programu ya kuandikia maandishi matupu yasiyo na mapambo. Changu kilikuwa cheusi chenye herufi nyeupe, na sikukibadilisha hata waliponicheka. Halafu nilikuwa na programu ndogo ya kulinganisha mafaili mawili na kukuonyesha mstari uliobadilika, ambayo imeniokoa na aibu nyingi kuliko hirizi yoyote. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo nilifunga betri kubwa ya gari chini ya meza. Na kila Alhamisi nilitoa nakala rudufu, yaani nakala ya pili ya kila kitu, nikaipeleka kwa jirani wa ng'ambo ya barabara aiweke kabatini. Nyumba mbili haziungui siku moja.

Kwa vifaa hivyo niliwaandikia wenye mashamba ya chumvi, shule kadhaa, na nyumba ya wageni kule Saadani ambako mhudumu alimwandikisha nyani kuwa mgeni kwa kuwa alimkuta kitandani. Nyingi ya kazi hizo zimekufa. Mashine mpya inakuja, programu ya zamani haifunguki tena, na hakuna anayeilalia matanga. Imebaki moja, nayo ndiyo ninayotaka kuisimulia, ingawa kuna siku natamani ingekuwa kazi ya mtu mwingine.

Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yumo kaburini. Ndiyo maana tuna vyama vya kuzikana, ambavyo wanachama wake huchimba kaburi, hubeba jeneza na kupikia msiba. Zamani habari ilipelekwa na mtu mwenye baiskeli. Kisha chama chetu kikapenda usasa, kikajiunga na huduma ya kampuni moja ya mjini: unaandika jina la marehemu, na ujumbe unakwenda kwenye simu za wanachama wote kwa mpigo. Hapo kwenye "wote" ndipo palipoharibika. Mtu wa karibu hatupiwi habari ya kifo. Huambiwa njoo, mgonjwa amezidiwa; akifika hupokelewa, hukalishwa, hupewa maji, kisha mtu mzima mwenye ulimi mzuri ndiye humwambia. Kampuni haikuyajua hayo, na haikuuliza.

Bi Mwanaisha wa Zinga alikuwa dukani kwake akipima unga simu yake ilipolia. Alikuja kunieleza mwenyewe, akifuatana na Katibu wa chama.

"Nilidhani wale wa matangazo," alisema. "Nikasoma huku kopo la unga liko mkononi. Kaka Mbaraka, ni jina la ndugu yangu, na saa ya kumzika. Mteja ananiambia, mama, hebu ongeza kidogo. Nikamwongezea." Kisha akarudia, "Nikamwongezea, unasikia? Sijui nilikuwa nani saa ile."

Katibu akasema, "Tutengenezee ya kwetu, mzee. Yenye adabu."

Nilikwenda kwanza kwa Mwenyekiti wa chama, mzee aliyekuwa amezika nusu ya mji, nikamuuliza ni nani hasa wa kuambiwa kwa mdomo. "Wazazi, watoto, mume na mke, ndugu wa tumbo moja," akasema, nikaandika. "Na ndugu wa ziwa moja, walionyonyeshwa na mama mmoja." Nikaandika. "Na aliyemlea mtu, hata kama hakumzaa." Hapo nikaweka kalamu chini, maana nilielewa kwamba hakuna kompyuta itakayolijua hilo yenyewe. Ilibidi kila mwanachama aulizwe. Tukapita nyumba kwa nyumba tukiuliza: wewe ukifa, nani asisome? Wengine walicheka, wengine walilia. Bwana mmoja alitaja jina la mwanamke ambaye hakuwa mkewe, akatuomba tuandike taratibu. Tukaandika.

Ilifanya kazi hivi. Katibu akiandika jina la marehemu, ujumbe uliwafikia wanachama wote isipokuwa wale ambao marehemu aliwataja. Majina yao yalikwenda kwa wazee tuliowaita wapelekaji, nao wakatoka kwa miguu yao kwenda kusema. Hakuna tena aliyesoma kifo cha mtu wake kwenye simu. Nilijisifu kwa kazi ile, nasema wazi, na nilikuwa na haki ya kujisifu.

Siku moja nilikuwa kwa Shabani, mwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na soko, namtengenezea printa iliyotafuna karatasi. Alikuwa na wenzake wawili, wote wanachama, wanabishana mpira. Simu ya Shabani ikalia. Ya jirani yake ikalia. Ya yule wa tatu ikalia. Kulia kwa pamoja namna hiyo ni chama tu, kwa hiyo nami nikatia mkono mfukoni. Yangu haikuwa imelia. Nilidhani imeisha chaji. Ilikuwa inawaka vizuri.

Shabani alisoma, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya kioo cha meza. Mwenzake akaanza kukaza mkanda wa saa uliokuwa umekazwa tayari.

"Joto leo," akasema.

"Joto," nikasema.

Nilikuwa nimeshaelewa. Mstari ule niliuandika mimi: kama mwanachama ametajwa na marehemu, usimtumie. Aliyekufa ni wangu. Lakini yupi? Walionitaja walikuwa watatu: mke wangu, binti yetu Rehema, aliyeolewa Pangani, na Idrisa, mwanetu, dereva wa lori aliyelala Chalinze zaidi kuliko alivyolala kwetu. Asubuhi ile mke wangu alikuwa amelalamika kifua kinambana, nami nikamwambia anywe tangawizi, nikaondoka.

Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa kwenye begi, miguuni pangu. Programu ilikuwamo. Ningeifungua, jina lingekuja. Nilishika zipu, nikaiacha. Sitawadanganya kwamba ilikuwa busara, niliogopa. Niliendelea kutoa karatasi kwenye printa, kipande baada ya kipande, na wale watu wakiitazama mikono yangu, wasithubutu kunitazama usoni. Moyoni nilikuwa naomba, na niliomba kwa kutaja jina.

Wakaja wapelekaji, Mwenyekiti mwenyewe mbele na fimbo yake.

"Asalaam aleikum. Mbaraka, twende nyumbani. Kuna mgonjwa."

"Nani?"

"Twende, baba."

Sikuuliza tena. Kazi yao naijua, na nisingeiharibu mimi.

Mke wangu alikuwa mlangoni, amesimama, mzima, mikono imejaa unga. Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Kisha nikakumbuka kwamba furaha ile ina maana yake, na kwamba yeye bado hana habari. Wakamkalisha mkekani, wakampa maji. Mwenyekiti akasema, "Bi Tatu, mtoto ni amana, na Mwenyewe amechukua amana yake. Gari la Idrisa limepinduka Chalinze." Mke wangu akaukamata mkono wa Mwenyekiti, akaung'ang'ania. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake zaidi.

Baada ya arubaini nilikifunga chumba cha uani. Watu walitaka kunifanyia sherehe ya kustaafu, nikawauliza mtu asiye na bosi anamuaga nani. Mkitaka nasaha za mzee, isomeni kazi yenu kwa sauti kabla hamjawapa watu, na msidhani mnawatengenezea wengine tu. Siku nyingi bado simu yangu hulia kwa misiba ya watu, na kila ikilia nashukuru, kisha naona haya.

Programu nimemkabidhi Zaina, mwalimu wa hesabu, binti mwenye akili na asiyependa makuu. Alikuja nyumbani nimwelekeze. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwonyesha kila kitu, nikamsimulia na yale ya dukani kwa Shabani, ili aijue kasoro: simu isiyolia nayo imesema.

Zaina akafikiri. "Babu, kwani tusiwatumie waliotajwa nao ujumbe wowote? Tangazo la mkutano, mathalani. Simu zao zilie kama za wenzao."

Ni mistari michache tu, na haikunijia miaka yote ile. "Fanya," nikamwambia. Ingekuwapo siku ile, ningetembea mpaka nyumbani mwanangu akiwa bado hai moyoni mwangu.

Mke wangu alikuwa akituwekea chai, na hayo ya dukani alikuwa hajapata kuyasikia. Zaina alipoondoka, akabaki amekaa, vikombe mbele yake.

"Kumbe ulijua kulekule," akasema.

"Nilijua ni mmoja wenu. Yupi, sikujua."

Alikung'uta makombo kwenye kanga yake. "Ukaomba?"

"Nikaomba."

"Asiwe nani?"

Katika ndoa yetu sijazoea kumdanganya, na hakuwa anauliza ili nimdanganye. "Wewe," nikasema.

Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Tangu siku hiyo hunipakulia chakula kama kawaida, na nikimsemesha hunijibu. Idrisa humtaja kwa Rehema, humtaja kwa majirani, humtaja hata kwa muuza samaki anayepita. Kwangu hamtaji.