Habari Waliyonificha Hadi Mtihani Uishe

Nilipoingia kidato cha nne, tumbo lilianza kuniuma. Liliuma asubuhi, tulipoamshwa kabla ya mapambazuko kwenda kusoma darasani, sisi tumejifunga mablanketi kiunoni kwa ile baridi ya Nyeri. Matroni alinipa dawa ya asidi. "Ni wasiwasi tu," alisema. "Kila kandideti ako nayo." Mwalimu mkuu alitukumbusha kila gwaride la asubuhi kwamba mwaka huo hatukuwa na ndugu wala marafiki, tulikuwa na vitabu.

Mimi nilikuwa na nyanya. Sote tulimwita cucu. Alinilea kule Endarasha kwa sababu wazazi wangu waliuza mchele Wang'uru, na kila nilipokaa nao huko nilipata malaria. Shule ikifungwa nilirudi kwake, si kwao. Nikimwambia kichwa kimejaa, hakunipa ushauri wowote. Alinisukumia beseni la viazi na kisu, tukamenya pamoja huku akinisimulia ugomvi wake na jirani ambaye kondoo wake walikula minji yake yote shambani. Tukimaliza, nilikuwa nimesahau kilichokuwa kinanisumbua.

Likizo ya Agosti nilimkuta akikohoa, amekonda. Nilitaka nimpeleke hospitali, baba akaniambia kwa simu, "Hiyo wachia sisi. Wewe soma." Nikamwachia. Nikarudi shuleni.

Muhula wa tatu wazazi hawaruhusiwi kututembelea. Tumbo lilizidi, nikamwomba mwalimu wangu wa darasa simu yake, nikampigia mama.

"Cucu anaendeleaje?"

"Ako tu sawa."

"Nipe niongee naye."

"Si sisi tuko Wang'uru, yeye ako Endarasha? Maliza mtihani, mtaongea mpaka uchoke."

Baada ya hapo mwalimu alianza kuwa mwema kwangu. Alikuwa mwanamke mkali, wa kutupa daftari lako dirishani ukikosea hesabu. Sasa aliniita ofisini, akanipa chai na maandazi, akaniuliza kama ninalala vizuri. Niliondolewa zamu ya kuosha bweni. Nilidhani ameona bidii yangu. Nilifurahi, nikasoma zaidi.

Siku ya karatasi ya mwisho wenzangu walitoka mbio wakipiga mayowe na kurushiana unga. Nilikuwa bombani nikinawa uso, nikicheka peke yangu, aliponijia msichana wa kidato cha pili ambaye kwao ni Endarasha.

"Pole kwa cucu," alisema. "Nilikuwa nyumbani natibiwa meno, tukaenda mazishi. Watu walijaa sana. Walisema wewe ni mgonjwa, ndio maana hukuja."

Nilikwenda moja kwa moja hadi ofisini, unga bado uko kwenye nywele.

"Ulijua, mwalimu?"

Aliweka kalamu chini. "Wazazi wako waliniomba. Ilikuwa kwa faida yako."

Nilitapika pale mlangoni, chai ya asubuhi yote.

Nilipofika Endarasha, udongo wa kaburi ulikuwa umeshashikana na nyasi zimeanza kuota. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na kufuli jipya. Mama alinikumbatia, mimi mikono yangu ikabaki chini.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepita vizuri. Baba alichinja mbuzi wa cucu, akaita majirani na watu wa kanisa, wakanivisha mashada ya karatasi shingoni. Mama alinifuata jikoni akiwa anang'aa kwa furaha.

"Unaona sasa? Tungekuambia, ungepata hii?"

"Ningemzika."

"Alisema mwenyewe usiitwe."

"Alisema lini? Alisema vipi? Maneno yake yalikuwa yapi?"

Aligeukia sufuria, akaanza kupakua wali kwenye sinia. "Wageni wanangoja," alisema.

Sijui hadi leo kama cucu alisema hivyo. Pengine alisema. Pengine aliniulizia mpaka mwisho, wakamwambia nina mtihani. Ni mama peke yake aliyekuwa naye chumbani, na kila nikimuuliza anasema nimejaa uchungu bure, nishukuru Mungu niko chuo kikuu. Siku ile niliibeba ile sinia ya wali, nikawapelekea wageni. Wakanipigia makofi.