Siku Niliyowafuta Kina Mwita Chacha wa Nyanungu

Mpaka leo nikipita Nyanungu nasalimia huku naangalia chini, na nitawaambia kwa nini, mcheke kwanza halafu mnionee huruma. Mimi ni mtu wa Mtwara, nilipangiwa kazi Tarime nitunze rejista ya mifugo kwenye kompyuta: namba ya hereni ya kila ng'ombe na jina la mwenye ng'ombe.

Sasa siku hiyo naona Nyanungu kuna Mwita Chacha tisa, nikajua waandikishaji walisinzia, wamemwandika mtu mmoja mara tisa (kumbe Ukuryani jina hilo limejaa kila boma, ila mimi na ujuaji wangu ningejulia wapi), nikaandika skripti, yaani programu fupi, ya kufuta majina yaliyojirudia. Mwenzangu wa ofisini, Bhoke, alishaniambia kabla ya kwenda likizo kwamba nikiendesha skripti niongeze maneno mawili kwenye amri, ili kila kilichotekelezwa kiandikwe kwenye faili na nijue nimefanya nini. Nikaona faili la nini, kazi yenyewe ya dakika moja na chai inapoa. Nikabonyeza, nikaenda zangu kula chapati.

Keshokutwa yake simu ikapigwa kutoka mnadani: mzee kashikwa akiwa na ng'ombe sita, hereni zinasomeka lakini kwenye rejista hazina mwenyewe, na yeye anasema anaitwa Mwita Chacha. Faili la kuonyesha nilichofuta halipo, nakala ya akiba ni ya kabla kina Mwita hawajaandikishwa, nikapanda bodaboda mbio, maana huku mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe anaweza kuuawa hajamaliza kujieleza.

Nikamkuta kakalishwa chini, watu wamemzunguka. Nikasema shikamoo, hakuitikia. Ikabidi nitangaze mbele ya mnada mzima kwamba mzee hajaiba, ni mimi nimemfuta, na nilipouliza kama kuna wengine wenye jina lake wakanyoosha mikono wanaume wanne, watu wakaangua kicheko, nami nikalia palepale, kamasi na kila kitu. Bahati nzuri mwenyekiti wa kitongoji chake akaja kumthibitisha, ng'ombe wakaachiwa.

Mzee Mwita hakucheka. Akaniambia taratibu, "Binti, mkwe wangu alikuwa hapa wakati wananikamata. Huyo ndiye ukamwambie."

Nikaenda siku hiyohiyo, mpaka wilaya ya Serengeti, kwa baba wa mke wa mwanawe. Nikaeleza skripti, hereni, majina, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Una karatasi yoyote inayoonyesha ulimfuta?"

Sikuwa nayo. Akanishukuru kwa kufika, akanipa maziwa, na nikaona wazi kwamba hajaniamini.

Jamani, sasa hivi hata skripti ya kuhesabu kuku siiendeshi bila faili la kumbukumbu, na nikimaliza nalisoma lote, mstari kwa mstari. Lakini ile karatasi ya mzee Mwita nitaitoa wapi?